Uzi: Ndoo za usiku, mabwana afya na maji yaliyoua Malton. Mji mdogo wa Uingereza kati ya vita viwili

BwanaAfya_Mstaafu

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa usafi wa masoko kuna mchangiaji alisema Mzungu usafi uko damuni, na sisi uchafu uko damuni. Sikumjibu palepale, ningemkosea adabu. Nimefanya kazi ya bwana afya miaka 31, nimenusa mengi, na nina ugonjwa mmoja mke wangu ameshindwa kuutibu: kusoma taarifa za zamani za madaktari wa afya wa miji midogo ya Uingereza. Kule kila halmashauri, hata ya watu elfu tatu, ilitakiwa iwe na daktari wa afya, na kila mwaka aliandika taarifa: waliozaliwa, waliokufa, maji, vyoo, maziwa, machinjio, nyumba mbovu. Ni maandishi makavu kama muhogo wa juzi, lakini ukiyasoma unauona mji mzima umevuliwa nguo.

Tuchukue mji wa soko, tuseme mwaka 1925. Vita Kuu imeisha, majina ya vijana waliofia Ufaransa yamechongwa kwenye mnara katikati ya mji. Kuna kanisa, stesheni ya treni, baa za kutosha, na mabucha ambayo ng'ombe anachinjwa uani nyuma ya duka, hatua chache kutoka jikoni kwa jirani. Nchi hiyo inatawala robo ya dunia. Sasa uliza choo kiko wapi.

Kiko uani, kibanda cha matofali, na mara nyingi nyumba mbili tatu zinakichangia. Ndani, ubao wenye tundu. Chini ya tundu, kwenye nyumba za zamani, kuna shimo ambalo pia mnamwagia majivu ya makaa ya mawe, kwa hiyo choo na jalala ni kitu kimoja. Linazolewa likijaa, na kujaa kwenyewe ni kwa maoni ya mwenye nyumba. Nyumba zenye nafuu zina ndoo, inabadilishwa kila wiki. Kuna pia choo cha udongo: ukimaliza unavuta mpini, udongo mkavu unafunika mambo. Hicho alikisajili mchungaji mmoja wa Dorset, Henry Moule, mwaka 1860, na si kibaya hata kidogo, udongo ukiwa mkavu. Tatizo Uingereza udongo mkavu unautoa wapi.

Wazoaji walikuja usiku na mkokoteni wa farasi. Mchana ilikatazwa kwa sababu ya harufu. Pale ambapo nyumba zimebanana bila uchochoro wa nyuma, ndoo ilipita ndani ya nyumba, sebuleni, mbele ya meza ya chakula. Mzigo uliuzwa kwa wakulima wa pembeni ya mji. Kwa hiyo kijana wangu, hawa ndio uliosema usafi uko damuni.

Nitaendelea, nanywa chai kwanza.

Mtoto_wa_Tandale

Kumbe na wao walikuwa na vyura, wale wanaotapisha vyoo kwa mikono! 😂 Mimi nilidhani vyura ni wa Dar tu. Mzee endelea, nimeshaweka kigoda.

mkia_wa_nyati

Nairobi pia enzi za mkoloni kulikuwa na vyoo vya ndoo kule mitaa ya Waafrika. Babu alikuwa anasema ukikutana na wale watu wa ndoo asubuhi unahama barabara. Sikujua kwao Wazungu mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Fundi_Bomba

Mkuu nina swali la kitaalamu. Kama maji ya bomba yalikuwepo, kwa nini hawakuvuta tu choo cha maji? Bomba likishaingia mtaani kazi imebaki ndogo.

BwanaAfya_Mstaafu

Fundi, bomba liliingia mtaani, si ndani. Nyumba sita, bomba moja uani. Na choo cha kuvuta maji ukikiweka bila mfereji wa maji taka umemwaga tatizo kwa jirani wa bondeni. Unahitaji maji mengi zaidi, mfereji mkubwa, na mahali pa kusafishia mwisho wa mfereji. Hizo ni fedha, na fedha ya mji ni kodi ya majengo. Sasa nani anakaa kwenye baraza la madiwani? Mwenye duka, mwenye bucha, mkulima mkubwa, mwenye nyumba kumi na mbili za kupangisha. Kila anaponyoosha mkono kupitisha mfereji, anajitoza mwenyewe.

Na daktari wa afya je? Kwenye miji midogo mara nyingi alikuwa daktari wa kawaida wa hapo hapo mjini, kazi ya halmashauri anaifanya saa chache kwa malipo madogo. Wagonjwa wake wanaomlipa ni wale wale madiwani wenye nyumba. Ukisoma taarifa zake unaona anavyotembea juu ya mayai. "Hali ya vyoo inaendelea kuboreshwa kadiri fursa zinavyopatikana." Mwaka unaofuata sentensi hiyo hiyo. Mwaka wa tatu, hiyo hiyo. Wenzangu mliokaa ofisi za serikali lugha hii mnaijua.

Aliyefanya kazi ya miguu ni mkaguzi. Zamani cheo chake kiliitwa mkaguzi wa kero, jina zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia, hadi sheria ya 1921 ilipombadilishia akawa mkaguzi wa usafi. Sisi mabwana afya wa Afrika Mashariki tumetokana na kada hiyo hiyo. Mtu mmoja, baiskeli moja: anapima nyama, anakagua mazizi ya ng'ombe wa maziwa, anaingia kwenye matanuri ya mikate, anahesabu wapangaji wa nyumba za kulala wageni, anaua panya (kulikuwa na sheria ya panya, ya 1919), anafukiza chumba ambacho mtoto amefia kwa dondakoo. Na anapima mifereji kwa moshi. Hii naipenda sana. Unaziba mwisho wa bomba, unasukuma moshi ndani kwa mashine, kisha unazunguka nyumba. Moshi unapotokea, ukutani, chini ya sakafu, jikoni, hapo pana ufa. Mwenye nyumba anayeapa kwamba mfereji wake ni mzima anauona moshi unatoka chini ya kitanda chake. Hana la kusema.

Kibaraza_cha_Mji_Mkongwe

Ahsante sana bwana kwa darsa. Mie naona umetaja dondakoo kisha ukaipita. Hiyo si ya vyoo, ni ya koo. Hebu itulie kidogo, maana wazee wetu walikuwa wakiitaja kwa kunong'ona.

nesi_wa_zamu

Niruhusu nijibu mimi, mzee apumzike.

Dondakoo ilikuwa inaua watoto wa Uingereza miaka yote hiyo ya 20 na 30. Mwaka 1940 peke yake, Uingereza na Wales walipata wagonjwa zaidi ya 46,000 na vifo karibu 2,500. Utando unaota kooni, mtoto anakabwa, au sumu inakwenda kwenye moyo. Cha kuudhi ni kwamba chanjo ilikuwepo. Kanada na miji ya Marekani walikuwa wanachanja tangu miaka ya 1920. Uingereza waliiacha kila halmashauri iamue na ilipe yenyewe, nyingi zikajikuna kichwa, kampeni ya nchi nzima ikaja mwaka 1940, vita vimeshaanza. Baada ya hapo ugonjwa ukaporomoka kama jiwe.

Kabla ya hapo ni hospitali ya kutengwa. Kila mji au kikundi cha miji kilikuwa na kajengo ka homa nje ya makazi. Mtoto wa homa nyekundu, ile ya koo na vipele, anachukuliwa na gari la wagonjwa, anakaa wiki kadhaa, mama haruhusiwi kuingia. Anasimama nje dirishani, anapunga mkono. Na sehemu nyingine gazeti la mji lilikuwa linachapisha hali za wagonjwa kwa namba: namba fulani hali mbaya, namba fulani anaendelea vizuri. Hebu fikiria unafungua gazeti kumtafuta mwanao kwa namba. Vitu vya kuchezea alivyoingia navyo havirudi nyumbani.

Mimi nilifanya wodi ya kutengwa wakati wa kipindupindu. Ile sura ya mama dirishani naijua, sihitaji kusimuliwa.

Mtoto_wa_Tandale

Dah. Nimepunguza kucheka.

BwanaAfya_Mstaafu

Nesi umenitangulia, asante. Sasa niwapeleke Malton, maana ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Malton ni mji mdogo Yorkshire, kando ya mto Derwent, mji wa soko la mifugo, watu elfu chache. Maji ya bomba yalitoka chanzo cha chini ya ardhi, na wenyeji waliyasifia. Maji ya chemchemi, meupe, baridi, matamu. Hakuna dawa iliyotiwa. Ya nini, maji yenyewe mazuri namna ile?

Vuli ya 1932 watu wakaanza kuugua. Homa inapanda pole pole, kichwa, tumbo, uchovu wa kumlaza mtu mzima. Homa ya matumbo. Zaidi ya watu 200 waliugua, na zaidi ya 20 wakafa. Kwa mji ule, hakuna mtaa uliobaki bila jeneza au bila mtu anayemjua aliye ndani ya jeneza. Maji taka yalikuwa yamepenya kwenye chanzo chao.

Wasiojua ugonjwa huu wasikilize hapa. Ukinywa mdudu leo, unaugua baada ya wiki moja mpaka tatu. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza anapolala kitandani, mji mzima umeshakunywa siku kumi. Daktari anapoanza kusema chemsheni maji, wagonjwa wa wiki ijayo wameshapatikana, hawajijui tu. Na dawa hakuna. Dawa ya kwanza ya kweli ya homa ya matumbo ilikuja 1948. Mwaka 1932 unalazwa, unanyweshwa maziwa na supu kwa kijiko, nesi anakugeuza, na familia inasali.

Sasa sikilizeni miaka. Mwaka 1897 Maidstone, kule Kent, homa hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo ya maji iliua watu 132. Mwaka 1905 Lincoln walipopata mlipuko wao, daktari Alexander Houston alitia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye maji ya mji, ikafanya kazi. London yenyewe, 1916, huyo huyo Houston akaanza kutia klorini kwenye maji ya mto Thames. Mnajua kwa nini? Ili wapunguze kusukuma maji kwenda kwenye mabwawa ya kutuamisha, waokoe makaa ya mawe wakati wa vita. Klorini iliingia London kwa ajili ya kubana matumizi! Kutoka Lincoln hadi Malton ni miaka 27, na kwa treni ni safari ya siku moja. Elimu ilikuwepo, na unga wa klorini bei yake ilikuwa ya chini. Kilichokosekana ni diwani wa kusimama barazani aseme: maji yetu haya tunayoyasifu, siyaamini.

Fundi_Bomba

Hapo kwenye kupenya niongezee kidogo, ni eneo langu. Mifereji ya zamani ilikuwa mabomba ya udongo wa kuchoma, maungio yake yamezibwa kwa udongo au saruji. Ardhi ikizama kidogo, au mzizi wa mti ukiingia, kiungo kinafunguka. Juu huoni kitu, choo kinavuta vizuri kabisa. Na kama chini ni mwamba wa chokaa ndiyo balaa, maana maji yanapita kwenye nyufa moja kwa moja, hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga. Mtu anadhani kisima kirefu ni salama kwa sababu ni kirefu. Urefu si kitu kama kuna njia ya mkato.

Nimechimba visima vingi. Mteja akiona maji yanang'aa ananiambia fundi usiweke dawa, itaharibu ladha. Kila mara.

BwanaAfya_Mstaafu

Fundi umenipa mkono. Ladha! Na mkitaka kuona somo la Malton lilivyosahaulika, tazameni Croydon, kusini mwa London, miaka mitano tu baadaye. Huo si mji mdogo, ulikuwa na watu zaidi ya laki mbili, lakini kisa kinafanana. Kisima cha Addington, kwenye mwamba wa chokaa. Vuli ya 1937 mafundi wakaingia kisimani kufanya matengenezo. Klorini ikasimamishwa, mchujo ukarukwa, maji yakaendelea kwenda kwa wateja huku watu wakifanya kazi ndani ya kisima. Mmoja wa mafundi aliwahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu, mwenyewe mzima wa afya, lakini wadudu bado wamo tumboni mwake. Daktari wa afya wa mji hakuambiwa kwamba kuna watu kisimani. Idara ya uhandisi ina mlango wake, idara ya afya ina mlango wake. Wagonjwa 341, vifo 43. Ndipo klorini ikaanza kuchukuliwa kama jambo la lazima na si hiari ya kila mji.

Yule fundi simlaumu hata chembe. Alikwenda kazini.

mkia_wa_nyati

Bwana afya, na heshima zako zote, naona unaipa mifereji sifa nyingi mno. Vifo vya watoto wachanga Uingereza na Wales vilikuwa karibu 80 kwa kila 1,000 mwaka 1920, vikafika karibu 50 mwaka 1939. Miaka hiyo hiyo mishahara ya walio na kazi ilinunua zaidi, familia zikawa ndogo, watoto wakala vizuri. Labda ni mkate na maziwa, si bomba. Mtu akishiba hata choo kibaya kinamvumilia.

BwanaAfya_Mstaafu

Mkia, hoja yako ni ya haki, siibishii yote. Familia ndogo zilisaidia sana. Wahudumu wa kike waliokwenda nyumbani kwa mzazi baada ya kujifungua walisaidia, hasa baada ya sheria ya mama na mtoto ya 1918. Lakini wewe umesema maziwa. Maziwa gani? Yaliyouzwa mabichi kwenye mkebe, kutoka ng'ombe wenye kifua kikuu. Kwa miaka ya 1930 inakadiriwa watu zaidi ya 2,000 kwa mwaka walikufa kwa kifua kikuu cha ng'ombe, wengi watoto. Na 1936 huko Bournemouth na miji jirani mamia waliugua homa ya matumbo kwa maziwa mabichi. Wakulima wakapinga kuyachemsha, wakasema yanapoteza nguvu yake. Kwa hiyo chakula na usafi huwezi kuvitenganisha, mkate na maziwa vinapita kwenye mikono ile ile.

Kushiba hakukuwasaidia watu wa Malton. Homa ilipita bombani, na bomba halichagui nyumba yenye nyama mezani.

nesi_wa_zamu

Na mimi nikupinge kidogo mzee, kutoka upande wangu. Akina mama. Vifo vya wazazi kule vilibaki karibu 4 kwa kila uzazi 1,000, miaka ya 20 yote mpaka katikati ya miaka ya 30. Watoto wanapona, mama zao wanakufa vile vile. Mfereji haukuwasaidia, nyumba mpya hazikuwasaidia. Homa ya uzazi iliwaua mpaka zilipokuja dawa za salfa, kuanzia 1935 na 36, na ndipo vifo vikaanza kuporomoka. Kwa hiyo dawa nazo zina siku yao. Usituambie kila kitu ni choo.

BwanaAfya_Mstaafu

Nimekubali, nesi. Kwenye uzazi nimenyoosha mikono. Bwana afya akikaa sana kazini anaona dunia nzima kupitia tundu la choo, mke wangu amelisema hilo mara nyingi.

Kibaraza_cha_Mji_Mkongwe

Hahaha, mpe salamu mama huyo, ana busara. Sasa bwana, hivyo vyoo vya ndoo viliisha lini? Na zile nyumba mbovu walizifanyaje?

BwanaAfya_Mstaafu

Nyumba kwanza. Baada ya vita, sheria ya 1919 ilizitaka na kuzisaidia halmashauri kujenga nyumba za kupangisha, halafu nyingine ya 1924, kisha ya 1930 ya kubomoa vitongoji vibovu. Nyumba hizo zilikuwa na bustani, choo cha kuvuta, na bafu. Wenye chuki wakazusha kwamba watu wa mitaa ya hali ya chini wakipewa bafu wanahifadhia makaa ya mawe. Uvumi huu ulizunguka nchi nzima, kila mtu anamjua mtu aliyeona, hakuna aliyeona mwenyewe. (Kwetu ni wa kuku. Mmewahi kusikia ule wa kufuga kuku bafuni?)

Vijijini ukame wa 1933 na 34 ulikausha visima, serikali ikalazimika kutenga pauni milioni moja za kusaidia maji ya vijijini. Sheria kubwa ya afya ya umma ikakusanywa upya 1936. Lakini vyoo vya ndoo, Kibaraza, havikuisha kabla ya Vita vya Pili. Kuna vijiji vilivyoendelea navyo hadi miaka ya 1950. Sensa ya 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya hazina bafu lililojengewa ndani ya nyumba. Hiyo ni miaka sita baada ya kumshinda Hitler.

Yorkshire_Mbeya

Wakuu nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi naishi Leeds mwaka wa tisa sasa, kwetu Mbeya. Malton nimepita mara mbili nikienda pwani ya Scarborough. Leo watu wanakwenda pale kula, mji umejaa migahawa na masoko ya vyakula. Nilikunywa maji ya bomba pale pale kwenye mgahawa, wala sikujua kisa hiki. Ahsante kwa kuniharibia kumbukumbu.

Nyumba ninayopanga ni ya zamani, zile za matofali zilizoungana mstari mrefu. Uani kuna kibanda kidogo, mwenye nyumba anakiita stoo. Nyuma yake, upande wa uchochoro, chini kabisa usawa wa goti, kuna mraba wa matofali mapya yasiyofanana na mengine. Miaka yote nilidhani ni panya walitoboa wakaziba. Nimesoma uzi huu nikatoka nje na tochi. Mkuu, ni mlango wa ndoo huo au nimechanganya?

BwanaAfya_Mstaafu

Usawa wa goti, upande wa uchochoro? Ukubwa wa kupitisha ndoo?

Yorkshire_Mbeya

Ndiyo. Mkono mpaka kiwiko kwa upana, na zaidi kidogo kwenda juu.

BwanaAfya_Mstaafu

Huo ndio. Mzoaji anafungua kutoka nje, anavuta ndoo iliyojaa, anasukuma tupu, haingii uani kwako wala hakuamshi. Mtaa wako ulikuwa wa kistaarabu, haukupitisha sebuleni.

Mtoto_wa_Tandale

😂😂😂 Stoo! Na wewe unaweka nini humo?

Yorkshire_Mbeya

Baiskeli. Na gunia la viazi.

Mtoto_wa_Tandale

VIAZI??

nesi_wa_zamu

Miaka imepita, viazi havina neno. Ila picha tunataka.

Yorkshire_Mbeya

Mvua inanyesha hapa na tochi imekwisha betri. Kesho nikitoka zamu.